Udongo Ndani ya Mswala

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya kina mama. Wateja wananiita Mama Mkasi. Mkasi wangu ni mkali, lakini mdomo wangu ni mkali zaidi. Nakwambia mapema, usije ukashangaa mbele.

Nilijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Sasa ni dereva wa lori. Akiondoka, harudi mpaka wiki mbili zipite. Miezi minne iliyopita alioa, akamleta mke wake nyumbani kwangu. Binti mpole, mcheshi, mwepesi wa mikono. Siku ya pili tu alikaa kitako karibu na cherehani yangu, akashona vifungo arobaini kabla chai haijapoa. Nikampa jina la Vifungo, naye akalipenda.

Jamani, nilimpenda mtoto yule! Maisha yangu yote nilitamani binti. Sasa nilikuwa naye. Tulishona pamoja, tulicheka, tulisengenya kidogo, Mungu atusamehe.

Jambo moja tu lilinitatiza. Vifungo alisali chumbani kwake, mlango umefungwa. Alasiri au isha nikimwambia, "Njoo tusali pamoja," alijibu, "Nimeshasali, Mama." Nilidhani ni haya ya ugeni.

Asubuhi moja Vifungo alikwenda dukani kununua uzi. Mimi nikaingia chumbani kwake kufagia. Nikauchukua mswala wake niukung'ute. Pu! Kitu kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kipande cha udongo mkavu, cha duara, kidogo kuliko kiganja. Juu yake kulikuwa na maandishi ya Kiarabu.

"Uchawi!" nilisema peke yangu. "Kumbe ndiyo maana mwanangu hasikii la mtu kwa binti huyu. Kumbe ndiyo maana hata mimi nampenda hivi!"

Sikungoja. Nilikitia kwenye ndoo ya maji, nikakisomea dua, nikakoroga mpaka kikayeyuka. Maji nikayamwaga mtaroni. Nikanawa mikono mara tatu.

Adhuhuri ilipofika, Vifungo alitoka chumbani na mswala mkononi.

"Mama, umeuona udongo wangu? Ulikuwa humu ndani."

"Nimeuona. Nimeuyeyusha. Uchawi haulali nyumbani kwangu."

"Uchawi?" Macho yake yalijaa machozi. "Mama, ule ni udongo wa kusujudia. Baba yangu alinipa kabla hajafariki. Sisi ni Mashia, Mama. Mume wangu anajua. Aliogopa kukwambia."

"Mashia!" nikaropoka. "Basi mwanangu ameoa asiye Mwislamu!"

Neno likishatoka halirudi. Vifungo alikunja mswala wake. Aliingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi, na fundi cherehani hakosei sauti ya zipu. Kisha nikamsikia akiongea kwenye simu, analia. "Mama, kesho asubuhi narudi nyumbani."

Nikarudi kwenye cherehani. Nilitaka kushona ili nisifikiri.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Mwalimu, jirani yangu. Anafundisha kina mama dini msikitini. Alikuja kuchukua gauni lake.

"Mama Mkasi," alisema, "mbona unashona bila uzi?"

Nikatazama. Kweli, sindano ilikuwa inapanda na kushuka tupu. Hapo nikaangua kilio. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho.

Bi Mwalimu alivuta kiti. "Nikuulize. Wewe unasali kwa madhehebu gani?"

"Madhehebu gani tena? Mimi Mwislamu tu!"

"Unasali kama nani alivyokufundisha?"

"Mama yangu."

"Basi. Wewe ni Msunni, na unafuata madhehebu ya Shafii. Hukuchagua, ulirithi. Mke wa mwanao naye amerithi kwa baba yake."

Nikafuta pua. "Sunni, Shafii. Hayo ni mambo mawili au moja?"

"Mawili. Wasunni ndio Waislamu wengi zaidi duniani. Ndani yao kuna madhehebu manne makubwa: Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Ni njia nne za wanazuoni za kuielewa sheria. Wamaliki wengi husali mikono ikiwa chini. Nao ni Wasunni kama wewe."

"Mikono chini! Na Mashia je?"

"Mtume alipofariki, Waislamu walijiuliza, nani atuongoze? Wengi walimkubali Abubakar, rafiki yake. Wengine walisema uongozi ni wa Ali, binamu yake na mume wa binti yake, kisha wazawa wake. Hao ndio Mashia. Nao pia wana matawi. Walio wengi ni Ithnaashari, wanaofuata maimamu kumi na wawili. Kuna Ismailia, kuna Zaidi. Halafu kuna Waibadhi, kundi la tangu zamani. Wao si Sunni wala si Shia."

"Mungu wangu, kichwa kinaniuma! Na Masufi, wale wa dhikri?"

"Usufi si kundi la pembeni. Ni njia ya kuusafisha moyo. Msunni anaweza kuwa Sufi, na anabaki Msunni."

Kisha nikauliza lile lililonikaa rohoni. "Huyu mtoto, Mungu wake ni nani?"

"Mungu mmoja, huyo huyo wako."

"Mtume wake?"

"Muhammad. Na Kurani ni hiyo iliyo juu ya kabati lako. Kibla ni hicho hicho. Ramadhani anafunga kama wewe."

"Mbona hasali na mimi?"

"Wao huona inafaa kuunganisha adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Sala ni tano, nyakati ni tatu. Ndiyo maana ukimwita alasiri, anakwambia ameshasali. Hakukudanganya."

"Na ule udongo?"

"Wao husujudu juu ya ardhi, au juu ya kitu kilichoota ardhini kisicholiwa wala kuvaliwa. Mswala ni kitambaa, na kitambaa kinavaliwa. Kwa hiyo huweka udongo pale paji la uso linapogusa. Hawauabudu, kama wewe usivyouabudu mswala wako."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesomea dua kitu cha sala, kisha nikakimwaga mtaroni!

Bi Mwalimu akanishika bega. "Sikufichi, Mama Mkasi. Tofauti zipo, na nyingine ni kubwa. Watu wamegombana kwa ajili yake, na damu imemwagika. Lakini mtoto yule hajamwaga damu ya mtu. Ameshona vifungo tu. Ungemuuliza kwanza, angekueleza. Asiyejua huuliza, halafu ndipo ahukumu."

Akachukua gauni lake, akaenda zake. Niliinuka. Nikachukua karatasi ninayochorea mitindo. Karatasi inatoka kwenye mti, na mti hauliwi wala hauvaliwi. Nikakata duara moja safi.

Nikabisha mlangoni kwake. Nilikuwa sijawahi kubisha.

Vifungo alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, inuka! Usifanye hivyo!"

"Niache nipige magoti, mwanangu. Nimekukosea. Nimeuharibu udongo wa marehemu baba yako, na siwezi kuurudisha. Nimekuita mchawi. Nimekutoa kwenye dini, na dini si mali yangu. Shika hii. Bi Mwalimu ameniambia kuhusu vinavyoota ardhini. Sijui kama itafaa."

Aliigeuza karatasi mikononi. "Inafaa, Mama," alisema polepole. Lakini hakulifungua begi. "Mama yangu ameshajua. Ameumia sana. Amesema nisilale siku ya pili kwenye nyumba inayoniita mchawi."

"Ana haki. Nipigie, niongee naye."

"Mama, atakutukana."

"Anitukane. Nipigie tu."

Akapiga, akaweka spika. Simu ikaita. Ikapokewa.

"Dada," nilisema, "ni mimi, mama wa mume wa binti yako. Nimemvunjia heshima mtoto wako, na udongo wa marehemu mume wako nimeuyeyusha kwa ujinga wangu. Nilidhani uchawi. Naomba radhi kwake, na kwako."

Nikasubiri matusi. Kisha nikasikia mtu anapumua kwa nguvu, na mara kicheko kikamtoka, kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Dada," alisema, "na mimi nikuombe radhi. Mwanao alipokuja kuposa, alisali sebuleni kwetu. Nikaona amefunga mikono juu ya tumbo, na sisi huiacha chini. Nikamwambia binti yangu, kijana huyu anaumwa tumbo, mpe dawa! Aliponieleza kuwa ndivyo Wasunni wanavyosali, nikasema sitaki. Nililia wiki nzima. Marehemu mume wangu ndiye aliyenituliza. Aliniambia, mtazame anavyomtazama mtoto wetu."

Basi nikacheka. Vifungo naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Tulicheka watatu, wawili huku na mmoja kule, mpaka mbavu zikatuuma.

Kisha mama yule akauliza, "Dada, nimwachie abaki?"

Nilimtazama Vifungo. Alikuwa ameinama, anafungua zipu ya begi.

"Mwachie, dada. Miezi minne nilikuwa nimemkaribisha tu. Leo ndiyo nimempokea."