Tusekile na Chujio la Bustani ya Majini

Sogeeni karibu, mumwone. Huyu ni Tusekile. Ana miaka sita, na si rahisi kumridhisha.

Anaishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na ndizi nyingi. Anaishi na Baba yake.

Sebuleni kwao, karibu na dirisha, kuna tangi la kioo. Ndani ya tangi kuna maji, mchanga, na samaki wadogo wenye mikia myekundu.

Na kuna mimea. Mingine mirefu kama utepe. Mingine mifupi kama zulia.

Mimea hiyo aliipanda Mama. Aliipanda mmoja mmoja, kwa ncha za vidole, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

Mama alifariki. Mimea ipo.

Siku moja chujio la tangi lilikohoa. Kho! Kho! Likatetemeka. Likanyamaza.

Maji yakaanza kubadilika. Yakawa ya njano. Kisha yakawa kama chai ya rangi. Utando wa kahawia ukashika majani.

"Baba," alisema Tusekile, "mimea ya Mama inachafuka."

"Naiona," alisema Baba.

"Itakufa?"

"Tukipata chujio zuri, haitakufa."

"Zuri ni lipi?"

Baba alifikiri kwanza. Baba hufikiri kwanza siku zote. "Chujio zuri hunywa uchafu tu," alisema. "Mimea na samaki huwaacha."

Tusekile akayageuza maneno hayo kuwa wimbo. Akauimba mbele ya tangi:

"Kunywa uchafu, chujio!
Mimea iache ilipo!"

Kesho yake, mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Alikuwa Baba Mdogo Ambakisye, mdogo wake Baba. Baba Mdogo anapenda vitu vikubwa. Ana redio kubwa, kofia kubwa na kicheko kikubwa.

"Ugonile, Tuse!" alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Baba Mdogo. Umebeba nini?"

"Nimebeba mkombozi!"

Mkombozi alikuwa ndani ya boksi. Alikuwa pipa jeusi lenye mabomba mawili. Baba Mdogo akatumbukiza mabomba majini. Akawasha.

VUUUUUU!

Samaki wakapeperushwa mpaka pembeni. Tepe zote zikalala chali. Mmea mmoja mdogo ukang'oka, ukaelea juu, mizizi wazi.

Tusekile akachomoa waya. Akabetua mdomo. Akashika kiuno.

"Mh! Hilo si chujio," alisema. "Hilo ni kimbunga."

"Lakini lina nguvu, Tuse! Linasafisha bwawa zima la kuogelea!"

"Basi lipeleke bwawani."

Baba akakohoa ili asicheke. Kisha akaingiza mkono majini, akaupanda tena ule mmea. Vidole vyake havikuwa vyepesi kama vya Mama. Mmea ukasimama upande.

Tusekile akauimbia:

"Kunywa uchafu, chujio!
Mimea iache ilipo!"

Lakini hakukuwa na chujio. Maji yakazidi kuwa chai.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Ugonile, Tuse! Leo hutanishinda."

Safari hii chujio lilining'inia kwenye ukingo wa tangi. Lilikuwa na taa nyekundu, taa ya kijani na taa ya bluu.

"Maji yanaporomoka kama maporomoko ya Kaporogwe," alisema Baba Mdogo. "Na taa juu!" Akawasha.

CHOROROROO!

Maji yakaruka. Yakalowesha kiti. Yakalowesha mkeka. Yakalowesha kofia ya Baba Mdogo.

Chini majini, mdomo wa chujio ukavuta utepe mmoja. Fyuuu! Utepe ukakatika.

Tusekile akachomoa waya. Akabetua mdomo. Akashika kiuno.

"Mh! Hilo si chujio. Hilo ni disko."

"Watoto wote wanapenda taa!" alisema Baba Mdogo, huku akikamua kofia.

"Hata mimi nazipenda. Mimea haizipendi. Usiku inataka kulala."

"Nani kakwambia mimea inalala?"

"Na wewe nani kakwambia inacheza?"

"Tuse," alisema Baba, kwa sauti ya chini.

"Samahani, Baba Mdogo," alisema Tusekile. Lakini mdomo ulikuwa bado umebetuka.

Baba Mdogo alirudi tena. Hakuwa na boksi.

"Nimechoka na mashine," alisema. "Mashine zina kiburi. Leo natumia akili."

Akaingia jikoni. Akatoka na chujio la chai. Alikuwa amelifunga kwenye mti wa ufagio.

Akasimama juu ya kigoda, akaanza kazi. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Chota, mwaga.

Uchafu ukapita kwenye matundu, ukarudi majini. Aliyenaswa ni samaki mmoja tu. Alikuwa anashangaa.

Tusekile akamrudisha samaki majini. Akabetua mdomo. Akashika kiuno.

"Mh! Hili ni chujio kweli, lakini la chai. Baba Mdogo, umemchuja samaki!"

"Bado sukari," alisema Baba.

Baba Mdogo akamtazama Baba. Tusekile akamtazama Baba. Kisha wote watatu wakacheka mpaka kigoda kikaanguka. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko siku nyingi.

Lakini walipomaliza kucheka, maji yalikuwa bado chai.

Basi Baba akavaa koti, akaenda dukani mwenyewe. Aliporudi, hakuwa na boksi kubwa. Chujio lake lilikuwa mfukoni.

Lilikuwa kipande cha sponji nyeusi. Kulikuwa na mpira mwembamba, na pampu ndogo ya hewa inayoenea kiganjani.

Baba akaiweka sponji kwenye kona ya tangi. Akawasha.

Bulu. Bulu. Bulu.

Viputo vikapanda polepole. Tepe zikatikisika kidogo tu. Samaki wakaja kutazama.

Tusekile akasubiri kishindo. Hakukuwa na kishindo. Akabetua mdomo. Akashika kiuno.

"Mh! Hilo si chujio. Hilo ni dodoki la kuoshea masufuria."

"Linafanana nalo," alisema Baba.

"Halina nguvu. Halina taa. Lina nini?"

"Tulipe muda, Tuse."

Asubuhi maji yalikuwa bado chai. "Nilisema," alisema Tusekile.

Asubuhi nyingine maji yalikuwa bado chai. "Nilisema mimi."

Sponji nayo ikaanza kugeuka. Ikawa ya kahawia. Ikawa na utelezi.

"Mh! Sasa na lenyewe ni chafu!" alisema Tusekile. "Chujio chafu litasafishaje maji?"

Baba alikuwa nje, anaanika nguo. Hakusikia.

Katika nyumba ile, chombo hakilali na uchafu. Mama alimfundisha Tusekile hivyo, mapema kabisa, kwa kikombe kidogo cha plastiki.

Basi Tusekile akaitoa sponji. Akaipeleka bombani. Akafungua maji mengi.

Sugua, kamua. Sugua, kamua. Sugua, kamua.

Sponji ikawa nyeusi, safi, kama ilivyotoka dukani. Tusekile akairudisha kwenye kona yake. Akaimba kwa sauti ya ushindi:

"Kunywa uchafu, chujio!
Mimea iache ilipo!"

Siku zilizofuata maji hayakuwa chai tena. Yalikuwa kama maziwa.

Samaki walikuwa juu, wanahema kwa taabu. Pwa, pwa, pwa. Utepe mrefu kuliko yote ulikuwa umelainika kama mchicha uliochemka.

"Baba! Baba, njoo! Nimelisafisha, na limeharibika!"

Baba akaja. Akachuchumaa mbele ya tangi.

"Umelisafishia wapi?"

"Bombani. Mpaka likatakata."

Baba akamsogeza karibu.

"Tuse, sikiliza. Ndani ya sponji walikuwa wamehamia viumbe wadogo sana. Wadogo mno, macho hayawaoni. Hao ndio wanaokula uchafu wa maji. Sponji ni nyumba yao tu."

"Kwa hiyo ule utelezi..."

"Walikuwa wao. Na maji ya bomba yana dawa. Wao hawaiwezi dawa ile."

"Wamekufa?"

"Wengi."

Tusekile hakubetua mdomo. Mdomo ulikuwa unatetemeka.

"Mama alisema chombo hakilali na uchafu."

"Alisema kweli. Alikuwa anazungumzia vikombe na masufuria."

Tusekile akaegemea bega la Baba. Akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Watarudi?"

Baba aliyatazama maji. Aliyatazama muda mrefu.

"Hawa watarudi," alisema. "Wachache waliobaki watazaa wengine. Sisi tutawangoja."

"Tukae tu?"

"Hapana. Tutangoja huku tunafanya kazi."

Wakajaza ndoo maji, wakayaacha yalale wazi, dawa iondoke. Kisha wakatoa maji kidogo ya tangi, wakatia yale ya ndoo. Polepole. Polepole.

Baba akaukata utepe uliooza. Tusekile akawapa samaki chakula kidogo tu, ili kisibaki cha kuoza.

Na sponji? Hakuna aliyeigusa.

Bulu. Bulu. Bulu.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Ugonile, Tuse! Hili la leo linatoka mbali! Lina magurudumu!"

Tusekile akakimbia. Akasimama mbele ya tangi, mikono ameitandaza.

"Usiingie nalo, Baba Mdogo! Hapa kuna watu wanahamia."

Baba Mdogo akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama chini ya meza.

"Watu gani? Mbona siwaoni?"

Tusekile akabetua mdomo. Akashika kiuno.

"Mh! Utawaonaje, Baba Mdogo? Wewe unatazama vikubwa tu."

Baba Mdogo akaliacha boksi mlangoni. Akavua kofia yake kubwa. Akaja akachuchumaa nao, bila kusema neno, na kwa Baba Mdogo hilo halikuwa jambo dogo.

Wakangoja leo. Wakangoja kesho. Wakangoja tena.

Maji yakawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Sponji ikawa ya kahawia, ikawa na utelezi.

"Wamerudi," alinong'ona Tusekile. "Karibuni. Kuleni."

Kisha, asubuhi moja, maji hayakufanana na maziwa. Hayakufanana na chai. Yalifanana na maji.

Samaki walikuwa chini, wanapita katikati ya tepe. Kupitia tangi Tusekile aliliona dirisha, na kupitia dirisha akaiona mvua.

Akasogeza pua kwenye kioo. Karibu na mmea uliosimama upande, kulikuwa na kitu kidogo cha kijani. Kilikuwa kidogo kama ukucha.

"Baba, jani gani hili?"

"Jipya."

"Amelipanda nani? Mama hakulipanda hapa."

"Hapana."

"Wewe?"

"Si mimi."

Baba akainama naye. Vichwa vyao vikagusana.

"Limetoka kwenye mzizi," alisema Baba. "Mzizi aliupanda Mama. Jani limekuja lenyewe."

Tusekile alilitazama jani mpaka uji wake ukapoa.

Usiku ukafika. Mvua ikapiga bati, ta-ta-ta-ta. Baba akamfunika Tusekile blanketi mpaka kidevuni.

"Baba?"

"Naam."

"Usilizime chujio."

"Sitalizima. Wale wadogo wanataka hewa usiku kucha."

Tusekile akasikiliza. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na sauti ilikuwa inakuja kutoka sebuleni.

Bulu. Bulu. Bulu.

"Baba?"

"Naam, Tuse."

"Lakini bado lina sura mbaya."

"Mbaya sana," alisema Baba.

"Kama dodoki."

"Dodoki lina nafuu."

"Mh!" alisema Tusekile. Akabetua mdomo, na mdomo ukiwa bado umebetuka, akalala.

Bulu.

Bulu.

Bulu.