Meno ya Xaveria

"Mwanamke anayesaga meno usingizini anamchimbia mume wake kaburi," alisema Mama Remigius bila kumtazama mkwe wake. "Anselm, mrudishe kwao Dareda kabla sijakuzika."

Xaveria alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi. Anselm, mumewe, dereva wa lori, aliinamisha kichwa. Pembeni yake alikaa Remigius, kaka yake mkubwa, mwenye duka pale Babati mjini, akitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia.

Kusaga, kweli alikuwa anasaga. Anselm alisema mlio ule ni kama mtu anayetafuna changarawe, na hofu ilipomzidi alibeba godoro akahamia chumba cha pili. Xaveria aliamka kila siku taya zimekaza na kichwa kinagonga. Ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ambao mwaka ule wa 1983 ndio uliopatikana, ukawa mateso kuutafuna. Mama mkwe alimnywesha dawa ya minyoo, kisha akamwita katekista amwombee. Wapi.

Mwishowe Xaveria akaenda hospitali peke yake. Daktari wa meno alimwonyesha kwa kioo jinsi magego yake yalivyolika yakawa bapa. Akamweleza kwamba si minyoo wala uchawi. Aliyelala hajijui, taya hujikaza zenyewe, na mara nyingi mtu huyo mchana ana jambo linalomtesa. Akamuuliza anaogopa nini. Xaveria alisema hajui, ingawa jibu alikuwa nalo.

Sasa akaiweka sahani mezani.

"Mama, sikuvunjii heshima, lakini Dareda sirudi. Kama kuna cha kuondoka hapa, zianze sabuni zilizomo stoo kwangu."

Remigius alijikohoza. "Shemeji, tuko kwenye mambo ya familia."

"Ndiyo maana nayasema mbele ya familia."

Akaeleza yote. Serikali ilipoanza msako wa walanguzi walioficha bidhaa, Anselm akiwa safarini Singida, Remigius alileta katoni za sabuni na betri akazifunika kwa magunia ya pumba. Alimwonya kwamba akifungua mdomo, atakayefungwa ni mwenye nyumba. Tangu hapo kila gari lililosimama karibu na nyumba yao ya Bagara, Xaveria alidhani limemfuata mumewe. Mchana aliuma meno asiseme. Akilala, meno yaliendelea.

Anselm alikwenda stoo. Alirudi na pumba hadi viwikoni.

"Kaka, ungeniacha nifungwe?"

Remigius alijitetea kwamba kila mtu alikuwa anaficha, na kwamba ndugu ni kubebana. Mama yao akamuunga mkono, akasema mke mwenye adabu angemweleza mumewe chumbani, si kumwaibisha shemeji mbele za watu.

"Chumba kipi, Mama?" Xaveria aliuliza. "Mwanao alishakihama."



Anselm akamtaka kaka yake azitoe bidhaa zake saa ileile, la sivyo wangekwenda wote wawili kwa katibu kata. Remigius akamsihi angalau wasubiri giza.

"Giza la nini?" alisema Xaveria. "Mimi jina langu limechafuliwa mchana."

Remigius alitoka akakodi mkokoteni. Alipakia mwenyewe, jasho likimtiririka, majirani wakimtazama. Mama yake alimfuata nyuma bila kuaga.

Walipobaki wawili, Anselm alijikung'uta pumba mikononi.

"Nisamehe. Nilikuogopa."

"Uliyaogopa meno yangu, hukuniuliza mimi."

"Kweli. Sikukuuliza."

Alikwenda chumba cha pili kuchukua godoro lake alirudishe chumbani kwao. Aliporudi nalo, Xaveria alimzuia mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Daktari hakuniahidi kwamba yatakoma. Huenda nikasaga hadi uzeeni."

"Saga," alisema Anselm. "Nitakuamsha nikuulize kuna nini."

Xaveria alimtazama kwanza usoni. Kisha akaushusha mkono, akampisha.