Mnara wa Ukuta wa Buluu

Duka la turubai na kamba lilifurika watu siku hiyo, na mwenye duka alikuwa akihudumia kwa kelele zaidi kuliko kwa mikono. Huyu anataka misumari, yule anadai chenji yake, mwingine amekanyagwa na anataka kujua amekanyagwa na nani. Katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani na futi ya fundi shingoni, alikamata ncha ya bunda la mwisho la mkanda mweusi mpana. Alipovuta, bunda halikuja. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa kijana mrefu, shati lake jekundu limenyooka pasi kama anayekwenda kuposa.

"Kaka, achia. Nimeuona mimi kwanza."

"Umeuona wewe, nimeushika mimi. Sasa kesi hii tumpelekee nani?"

Watu waligeuka kumtazama. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, sauti ya kumfanya mtu asahau alichofuata dukani. Msichana naye alisahau kidogo, kisha akajikaza.

"Unaufanyia nini?"

"Nafungia bango. Na wewe?"

"Nafungia watu."

"Maskini! Wamekukosea nini?"

Alicheka bila kutaka. "Nashona mikanda ya viti vya michezo. Bango lako likianguka litachubua ukuta. Mkanda wangu ukiachia..." Hakumaliza, maana fundi wa mikanda hamalizi sentensi hiyo. "Na sauti hiyo naijua. Wewe ndiye unayetupigia makelele kutwa kutoka ukuta mwekundu."

"Ndiye mimi. Wananiita Spika."

"Basi mimi wa ukuta wa buluu. Tukionekana tunazungumza, kesho sote hatuna kazi."

"Kwa hiyo nipe namba ya simu, tusionekane."

Mwenye duka aliwakatia mkanda nusu kwa nusu ili wamwondokee. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kufukuzwa dukani.

Kuta hizo mbili zilitazamana kwenye barabara moja pana, kila mmoja umezunguka bustani ya michezo. Wenye bustani waliwahi kuwa washirika, wakakosana, na tangu hapo hawakulala bila kuoneana wivu. Wekundu walipoleta treni ya kupinduka angani, Buluu walileta merikebu ya kuning'inia. Buluu walipojenga nyumba ya mizimu, Wekundu walijenga kubwa zaidi na kuajiri watu wa kujificha gizani wakivuta wateja miguu. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilipanga foleni na kununua tiketi. Mfanyakazi akikutwa na mtu wa ng'ambo alifukuzwa papo hapo, hata kama walikuwa wamekutana kwa kinyozi.

Kwa hiyo walipendana kwa simu. Saa ya chakula Spika alipanda kwenye jukwaa lake la matangazo, yule msichana, ambaye wote walimwita Fundi, akatoka kwenye karakana yake ya kushonea, wakawa wanaonana ng'ambo ya barabara wadogo kama vidole huku wakinong'onezana masikioni.

"Leo umevaa kile kitambaa cha manjano. Unanitafuta ugomvi."

"Nimekivaa kwa ajili ya jua, usijitie umuhimu."

"Jua hilo lina bahati, kipenzi changu."

"Kula chakula chako, Spika. Kinapoa."

Siku za mapumziko walikutana mbali, kwenye mtaa usio na mtu wa bustani yoyote, na aliyewapangia njia ni mdogo wake Fundi, mkata tiketi wa Buluu. Wazazi wao walikuwa wametangulia mbele ya haki, na Fundi ndiye aliyemlea. Kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya kupumzika. Alimpenda Spika kabla hata dada yake hajakubali kwamba anampenda.

"Shemeji," alimwambia kwenye simu, "dada akikukasirikia usimbembeleze. Mnunulie viatu. Sisi wengine tutapata vya zamani."

Kisha Buluu wakajenga mnara. Viti vilizunguka nguzo ndefu kuliko jengo lolote jirani. Vilipandishwa mpaka juu, vikaachiwa vianguke, kisha vikasimamishwa kwa ghafla karibu na ardhi. Bango lilitangaza kwamba utafunguliwa siku ya kwanza ya likizo, na ng'ambo ya barabara bosi wa Wekundu akaanza kumeza dawa za tumbo.

Kila mchezo mpya hupandwa na mifuko ya mchanga kabla ya watu. Mifuko hukalishwa vitini, ikafungwa mikanda, ikarushwa kutwa nzima. Wafanyakazi wa Buluu walizoea kuipa mifuko hiyo majina ya wakwe zao, na mzito kuliko yote uliitwa Mama Mkwe. Siku chache kabla ya likizo Fundi alimpigia Spika simu jua likizama.

"Leo Mama Mkwe ameanguka."

"Wako au wangu?" Spika alicheka.

Fundi hakucheka. "Mnara uliposimama, kifungio cha kiti kimoja kimefunguka chenyewe. Mkanda wangu mzima, Spika, nimeukagua. Ni kifungio. Tumerudia, mara nyingine kinashika, mara nyingine kinaachia. Mhandisi amemwambia bosi. Bosi anasema tarehe iko kwenye bango."

"Anataka kuua watu?"

"Anataka kuwashinda ninyi. Usimwambie mtu, nakuomba. Hata Chiriku sijamwambia, unamjua mdomo wake. Yakivuja, bosi atakuwa kichaa, hatanisikiliza tena. Niachie mimi, nitaongea naye."

"Na akikataa?"

"Nimesema niachie."

"Haya, roho yangu. Nimekuachia."

Aliahidi, na alipoahidi alikuwa na nia ya kutimiza. Lakini usingizi ulimkimbia. Alikuwa mtu wa kuita watu. Kazi yake yote duniani ilikuwa kuwaambia njooni.

Asubuhi ya likizo, watoto walijipanga mbele ya ukuta wa buluu wakiwa na kofia na wazazi wao. Ndani, ofisini, Fundi na mhandisi walikuwa wamesimama mbele ya meza ya bosi tangu alfajiri. Bosi alifoka, akatoka, akarudi, akakaa. Mwishoni alijifuta uso.

"Nendeni mkalete vifungio vipya. Vyote. Mnara tutafungua wiki ijayo, nitatafuta cha kuwaambia watu."

Fundi nusura amkumbatie. Alitoka mbio, akampigia Spika. Simu iliita mpaka ikakata. Akamwandikia kwamba mambo yamekaa sawa, kisha akaingia kwenye gari la kazi kwenda kuchukua vifungio. Moyo wake ulikuwa mweupe. Hakujua kwamba Spika akiwa anatangaza huifungia simu kwenye droo, kwa sababu mlio wake huingia kwenye kipaza sauti.

Spika aliiona foleni. Aliona watoto wakirukaruka kwa hamu, na hakumwona Fundi popote. Akadhani amekataliwa. Pengine amefukuzwa. Akashika kipaza sauti, na sauti ile nzuri ikavuka barabara.

"Wazazi wangu! Nyie mliosimama pale ng'ambo! Msipande ule mnara. Kuna kiti mkanda wake unafunguka. Sisemi kwa biashara, nawasihi, msipande!"

Nani angemwamini? Miaka yote alikuwa akiwatania Buluu kwenye kipaza sauti hicho hicho. Foleni iliangua kicheko, nusu yake ikavuka barabara kwenda kusikiliza utani zaidi, na bosi wa Wekundu akapanda ngazi akishangilia. "Rudia! Kijana, rudia hiyo!"

Bosi wa Buluu alikuwa mlangoni, karatasi ya kuahirisha iko mkononi, anatafuta gundi. Alisimama pale akisikiliza watu wakimcheka. Kuahirisha sasa kulikuwa ni kukiri mbele ya adui. Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Mnara unafunguliwa sasa hivi," alisema, "na watakaopanda kwanza ni wafanyakazi wangu. Waone wenyewe!"

Mhandisi alimkamata mkono. Bosi alimsukuma mpaka akagonga ukuta. Wafanyakazi walitazamana, hakuna aliyesogea. Ndipo Chiriku akatoka kwenye kibanda cha tiketi, amevaa sketi ya buluu na viatu vipya vyeupe.

"Shemeji leo amekunywa nini?" alisema, na waliokuwa karibu wakacheka. "Mikanda ile ameshona dada yangu. Dada yangu! Nani anasema inafunguka?"

Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta. Wenzake, kwa aibu, wakamfuata. Wakati viti vinapanda alikuwa anapungia watu mkono. Viti vilishuka vizuri, na viliposimama kwa kishindo cha kawaida, Chiriku hakusimama navyo.

Fundi alifika na mfuko wa vifungio mapajani. Aliona umati, akaona kiatu cheupe kilichorukia barabarani, na dereva akamshika asiruke gari likiwa linatembea.

Chiriku hakufa. Daktari alilisema hilo kwanza, kama watu wanavyofanya wanapokuwa na jingine la kusema. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, na hatahisi.

Spika alikuja hospitali jioni ile ile. Fundi alimkuta kwenye korido akamzuia kwa mkono kifuani.

"Nilikuomba neno moja," alisema. "Moja."

"Simu ilikuwa kwenye droo. Niliona watoto, mpenzi, nika..."

"Usiniite hivyo hapa. Bosi alikuwa amekubali! Nilikuwa nimeshamaliza! Ondoka, nisije nikakuchukia mbele za watu."

Aliondoka. Alipiga simu kila siku, na kila siku Fundi aliitazama ikiita mpaka inyamaze. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa anamtaka vibaya sana, na hilo lilimwongezea hasira.

Bustani ya Buluu ilifungwa. Bosi wake alipelekwa mahakamani, mali ikauzwa, na Wekundu wakaununua mnara. Ndiyo, mnara ule ule. Wakaung'oa, wakauvusha barabara, wakaupaka rangi nyekundu. Biashara haina haya. Siku walipomkabidhi Spika maneno ya kuutangazia, aliweka kipaza sauti mezani, akavua shati jekundu palepale, akatoka na fulana ya ndani.

Alirudi hospitali siku moja kuaga. Amekonda, ndevu hazijachongwa, lakini sauti ni ile ile. Chiriku ndiye aliyemsikia kwanza kupitia mlango.

"Shemeji?"

Siku hizi hakuwa anasema mengi. Lakini kwa neno hilo Spika aliegemea ukuta akalia bila kujificha, na Fundi, aliyekuwa amebeba beseni la maji, aliliweka chini akamshika.

"Nisamehe," Spika alisema. "Nilidhani nawaokoa watoto wa watu."

"Najua. Nimekaa hapa siku zote najua." Alimfuta uso kwa kanga aliyojifunga. "Sikiliza. Nimekulaumu wewe kwa sababu ilikuwa rahisi. Mimi ndiye niliyekuambia wewe mwenye kipaza sauti, nikamficha yeye kwa sababu ana mdomo. Ningemwambia, asingekikaribia kile kiti. Nilimwogopa mdogo wangu mwenyewe."

"Usijitese hivyo."

"Sijitesi. Nakwambia ukweli, ili usije ukaubeba mzigo huu peke yako."

Walikaa kwenye benchi la korido, mikono imeshikana. Muuguzi alipita akajifanya haoni.

"Nimepata kazi mji mwingine," Spika alisema. "Stesheni ya treni. Kutangaza safari, basi. Nataka kukuoa, Fundi. Wewe na Chiriku, twende wote. Nitambeba mgongoni ikibidi."

Fundi alifumba macho. Alikitaka kile alichoambiwa kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

"Wekundu wameniita," alisema. "Wanataka mtu wa mikanda ya mnara."

Spika aliuachia mkono wake. "Umewaambiaje?"

"Nimekubali. Hakuna atakayekaa pale mpaka mimi niseme. Wameandika, wamesaini."

"Utawafanyia kazi? Utavaa shati lao?"

"Nitavaa hata gunia. Watoto watapanda, Spika, nikiwepo nisiwepo. Nikienda na wewe, kila jioni nitakuwa nasikiliza simu iite, niambiwe nani tena. Sitakuwa mke, nitakuwa mlinzi wa simu." Alimgusa shavu. "Kaa basi. Kaa hapa na mimi."

Spika alitazama dirishani. Kutoka hospitali mnara ulionekana juu ya mapaa, mwekundu. Alijaribu kuutazama kwa muda akashindwa, akageuka.

"Siwezi," alisema. "Haki ya Mungu, siwezi."

"Najua. Na mimi siwezi kuuacha."

"Unanipenda lakini?"

"Nakupenda. Hata ukiuliza kesho nitakwambia hivyo hivyo, na bado sitakuja."

Fundi alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakumpungia, na yeye hakugeuka. Fundi alichukua beseni lake la maji, ambayo sasa yalikuwa yamepoa, akaingia wodini.

"Ameondoka?" Chiriku aliuliza.

"Ameondoka."

"Umemwambia unampenda?"

"Nimemwambia."

"Sasa?"

Fundi aliinama juu ya kitanda, akapitisha mikono chini ya kwapa za mdogo wake. "Sasa nishike shingo," alisema, "nikugeuze upande wa pili."