Kompyuta Iliyopewa Jina la Asmaa

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Mwamini aliona asilimia za faili alilokuwa akitumiwa na mdogo wake zikirudi nyuma. Sitini na moja, hamsini na nane, arobaini. Tangu asubuhi alikuwa mbele ya kompyuta yake sebuleni kwake Nachingwea, chai imepoa, mgongo unawaka, na sasa hili. Faili linaweza kukwama, sawa, linaweza hata kukatika, lakini tangu lini likapungua?

"Hafidha, umegusa nini huko?" alimuuliza mdogo wake kwenye simu.

"Sijagusa kitu, dada. Naogopa hata kuipumulia."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kompyuta yake kule Ruangwa ilikuwa inakwaruza diski. Fundi alishasema ikizima haiwaki tena, matundu ya flash yamekufa, na video yenyewe ikifunguliwa mashine inaganda. Ndani ya video hiyo marehemu mama yao, Bi Asmaa, alitaja kwa kinywa chake nani arithi jina lake. Na kesho ni arobaini. Kesho mtu atakalishwa mkekani, apakwe unga kwenye paji la uso, avikwe jina la marehemu. Wajomba wa Marambo walikuwa na mtu wao tayari. Bila video, chaguo la mama lingezikwa naye.

Basi Mwamini akarudi vitani. Programu ilisema poti, mlango wa kupitishia faili, imefungwa. Akaingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, akaifungua. Akashusha na kinga ya kompyuta. Akapima, poti iko wazi. Akainua kikombe, akageuka, imefungwa. Akafungua tena, ikafungwa tena. Mara ya tisa akaipiga meza kofi.

"Unanichezea," alisema, na machozi ya hasira yakamtoka kweli.

Ndipo ikamfikia harufu ya korosho zinazoungua, ule moshi mzito wa maganda unaokaba koo. Alikwenda jikoni akakuta jiko baridi. Aliporudi alijua inatoka nyuma ya kompyuta, pamoja na mlio mdogo, ko, ko, ko, kama wa mtu anayebangua korosho bila haraka, vile alivyokuwa akibangua mama yao pale uani.

"Dada." Sauti ya Hafidha ilikuwa imeshuka. "Kwangu inaonyesha umeshalipokea lote. Mara tatu."

"Mimi nina thelathini na mbili."

"Sasa anayelichukua ni nani?"

Mara mama mdogo Hajra akaingia na ungo wa unga wa shughuli. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani.

"Nani anabangua korosho ndani?" Kisha macho yake yakatua kwenye kioo, juu, palipoandikwa jina la kompyuta. Alisoma polepole. "Asmaa binti Ausi."

Mwamini aliipa jina hilo siku ya saba ya msiba, kwa uchungu tu, ili kila akiiwasha alione.

Hajra hakupaza sauti. "Mwanangu, jina halijavikwa mtu, wewe umelivika dude? Kabla ya arobaini jina la marehemu halina mwenyewe. Majini hulizengea. Kilichomo humo si dada yangu."

"Nilimkumbuka mama tu."

"Najua. Lifute."

Mwamini akaanza kulifuta herufi moja moja, na huku Hajra anamwaga unga kuizunguka meza na kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, ule mlio ukazidi mbio, ko-ko-ko-ko, moshi usioonekana ukawajaza macho machozi, na kila alipofuta herufi, nyingine ikajiandika yenyewe mahali pake, akafuta, ikarudi, akafuta tena hadi hajui anabonyeza wapi, mpaka ghafla pakabaki peupe na nyumba nzima ikanyamaza.

Akaandika "Kompyuta Moja". Poti ikafunguka, ikabaki wazi. Dakika nne tu, faili likaingia lote.

"Dada, yangu imezima," alisema Hafidha. "Lakini si limefika?"

"Limefika, mdogo wangu. Limefika." Mwamini alicheka huku analia, na Hajra akajifuta unga mikononi. Nje walikuwa wanaadhini alasiri. Mwamini akasogeza simu karibu na spika ili na Hafidha asikie, akaifungua video.

Mama alikuwa amekaa mkekani uani, jiwe la kubangulia mkononi, uso ameinamisha. Ko. Ko. Kisha akainua uso, akamtazama Mwamini.

"Msisumbuke kutafuta mrithi," alisema. "Jina nimeshapewa. Amenipa Mwamini."