Karatasi ya Kutoka Ijumaa

Fundi kufuli wa mtaa wetu ana mwiko mmoja: hachongi ufunguo mpaka mwenye mlango aulete mwenyewe. Hata mkewe alipotumwa na jirani, alirudishwa na ufunguo wake. Ndiyo maana tunamwita Kichwangumu.

Siku moja duka liliibiwa bila mlango kuvunjwa. Watu wakasema, nani mwingine anaweza? Fundi wa watu akafungwa miaka saba kwa wizi asioujua.

Mwaka wa tano mlinzi wa duka alikiri kwamba ndiye aliyewapa wezi ufunguo. Mahakama ya rufaa ikafuta hukumu, ikaagiza kesi isikilizwe upya. Kabla ya siku hiyo, mwendesha mashtaka alileta karatasi. Fundi akikubali kosa, miaka aliyokaa itatosha, na Ijumaa atalala kwake.

Mkewe, mshonaji, alifurahi mpaka akashona mkono wa shati ndani nje. Akaenda kumwambia jirani yake, karani mstaafu wa mahakama. Karani aliuliza kama wakili ameiona karatasi. Bado.

"Mwanangu, atatoka, ila atatoka na jina la mwizi," alisema karani. "Hukumu iliyofutwa itarudi. Kibali cha ufundi huenda asipate. Fidia ndiyo asahau. Na akishakiri, kurudi nyuma ni kazi ngumu."

"Mama, watoto wanamtaka baba yao."

"Najua. Wapo waliosaini, na siwalaumu. Uamuzi ni wake. Lakini asisaini kabla ya kuongea na wakili. Kama hamna wakili, ombeni msaada wa kisheria. Ni bure."

Kesho yake mke alikwenda gerezani, akamweleza mumewe yote. Fundi akamuuliza yeye anasemaje.

"Nakutaka nyumbani," alisema. "Lakini hukuiba."

Wakili alikuja, akawaambia ukweli: kesi mpya wanaweza kushinda, wanaweza kushindwa. Fundi hakusaini. Ijumaa ikapita, na mkewe alilia sana. Subira huvuta heri, lakini ya gerezani haina utamu hata kidogo.

Baada ya miezi mitano mahakama ilimwachia huru. Wiki iliyofuata alikaa mezani kujaza fomu ya kibali cha ufundi. Swali la sita liliuliza: Umewahi kutiwa hatiani kwa wizi?

Akaandika: Hapana.

Mkewe alilisoma jibu hilo kwa sauti, kisha akamwomba na yeye alisome.