Poza Roho ya Jenipher

Mwanamume mwenye shati la maua alinyakua fungu la mwisho la ndimu pale sokoni Lindi. Jenipher, khanga kaifunga kiunoni na jasho linamtiririka, akamshika mkono.

"Kaka, niachie. Wateja wangu watanila nyama!"

"Unauza nini, mrembo?"

"Bia ya baridi, ndimu na soda ya tangawizi. Wameibatiza Poza Roho."

"Basi nipeleke. Roho yangu imeshaanza kuungua."

Huyo alikuwa Optatus, fundi majokofu wa Kilwa Masoko. Alikunywa glasi mbili, na tangu siku hiyo kila wiki akawa na safari ya Lindi. Jamani, mapenzi! Mwezi wa tatu alileta barua ya posa kwa mjomba Dominick, mwenye baa, aliyemlea Jenipher tangu mama yake afariki.

Kisha akapotea. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Jenipher alikamua ndimu huku akilia, toka asubuhi mpaka miguu ikavimba. Mjomba hakumruhusu hata kwenda Mtwara kumwona shangazi. Baa ilijaa kwa ajili ya mkono wake, na mzee alilijua hilo vizuri sana.

Wiki ya tano simu ikaita.

"Jeni, nimeshindwa kukusahau. Kwa nini ulinikataa?"

"Nilikukataa lini, mpenzi?"

"Mjomba alisema umeirudisha barua."

"Hata bahasha sijaiona! Njoo unitoe hapa, Opta. Nimechoka kufungiwa."

Alikuja Jumapili, kanyoa vizuri, kavaa koti la kijivu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mjomba hakuona hata haya. "Binti nakupa. Ila sisi Wamakonde tuna desturi yetu: mume huhamia ukweni. Chumba cha uani kipo."

Jenipher alimkazia macho Optatus, akimwomba kimoyomoyo akatae. Alikwishachagua hadi rangi ya mapazia ya nyumba yao ya Kilwa.

"Nakubali, mjomba," Optatus alisema, anang'aa kwa furaha. "Nitaishi popote alipo Jeni."

Vigelegele vikapigwa. Akamkumbatia, akamnong'oneza, "Umeona, mpenzi? Hatutaachana tena."

Jenipher akaangua kilio, na kila mtu akasema ni machozi ya furaha.

"Haya, mama, jifute," mjomba alisema. "Wateja wanasubiri."

Jenipher akajifuta, akarudi kaunta.