Kimya cha Sabirin

"Aweys, mashine hii imeniozesha!"

Sabirin aliitua ruta ya intaneti juu ya kaunta kwa kishindo, bado imeviringishwa kwenye shuka, antena zake nane zikichomoza kila upande. Aweys, fundi wa kompyuta na mitandao pale mtaa wa Galbet, Garissa, aliweka bisibisi chini. Hakuwa mtu wa kuropoka.

"Kaa kwanza. Imekuozesha kwa nani?"

"Kwa aliyeileta. Ogle."

"Ogle wa malori ya mifugo?"

"Huyohuyo. Alileta posa, na hii akampa hooyo iwe zawadi ya mama mkwe. Jana aabo akapiga video kutoka Kutulo, akaniuliza kama namkubali. Nikasema hapana! Mara tatu, wallahi. Kumbe sauti imekatika na picha yangu imeganda, nimefumba mdomo. Aabo akanitazama nimenyamaza, akasema, 'Alhamdulillahi, binti yangu amekubali.'"

Aweys alielewa papo hapo. Kwao, msichana akiulizwa na babake kuhusu mchumba hajibu ndiyo kwa mdomo mpana. Huona haya, hunyamaza, na kimya chake ndicho kibali.

"Hukumpigia simu ukamweleza?"

"Nilimpigia. Ananiambia, 'Uso wako niliuona kwa macho yangu, ulikuwa umetulia. Sasa umeingiwa na woga tu.' Hataki sauti, anataka anione tena. Kesho alasiri atakuwa Kutulo mjini, kisha anarudi malishoni, kusiko na mtandao, mwezi mzima. Na Jumamosi wazee wa Ogle wanakuja kuweka tarehe!"

"Basi njoo uzungumze naye hapa dukani. Mtandao wangu haukwami."

"Nimwambie aabo simtaki Ogle nikiwa nimekaa dukani kwa mwanamume mwingine?"

Aweys alikohoa. "Mwanamume mwingine yupi?"

"Miezi saba nakuletea kompyuta isiyo na ugonjwa, na wewe miezi saba unaitibu. Usiniulize yupi."

Masikio ya Aweys yalipata moto. Alivuta karatasi na kalamu ili mikono ipate kazi.

"Nichoree nyumba yenu."

"Sikuja kuchora. Niuzie ruta kubwa kuliko hii."

"Sikuuzii kitu kabla sijajua unakaa wapi."

"Si unajua kwetu!"

"Ndani ya nyumba, Sabirin. Ukiwa unafundisha. Unakaa upande gani?"

Sabirin alimtazama. Kila jioni aliwafundisha hesabu wasichana wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kwa simu, na Ogle alipoleta ile ruta alitaja bei yake mara mbili. Lakini swali hili, la anakaa wapi akifundisha, hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Jikoni," alisema polepole. "Juu ya gunia la mchele, simu nimeiegemeza kwenye birika. Hapo angalau sauti hupita, japo hukatikakatika. Picha huganda tu."

"Na hii mashine ilikuwa wapi?"

"Kwa hooyo. Yeye ndiye aliyeiweka."

Asubuhi iliyofuata Aweys alifika na ngazi, waya na mfuko mdogo. Mama Hawo, mamake Sabirin, akamwongoza hadi sebule ya wanaume, akatoa ufunguo shingoni na kufungua kabati kubwa la chuma.

"Ilikuwa humu, kati ya vyombo vya wageni. Vumbi la Garissa unalijua mwenyewe."

"Ukafunga na mlango, eeddo?" Aweys alimwita shangazi kwa heshima.

"Kwa kufuli. Kitu cha bei kubwa nikiache nje?"

"Mawimbi yake yanagonga chuma yanarudi ndani, eeddo."

"Sasa antena nane zote ni za nini?"

"Zote nane zilikuwa kifungoni. Ukimfungia ngamia kabatini, utamkamua vipi?"

Mama Hawo alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka. Kicheko kiliisha Aweys alipotoa vifaa viwili vidogo vyeupe.

"Warya, kijana! Ogle ameleta mashine ya watu wakubwa, wewe unaleta visahani vya chai?"

"Ya Ogle si mbaya. Lakini ni zawadi ya mtu ambaye posa yake haijapata jibu la hakika, heri tusiitumie. Tena hata ukiitoa kabatini, kutoka hapa hadi jikoni kuna kuta mbili za mawe. Hiki kimoja kitabaki sebuleni. Cha pili kitakaa palepale anapokaa Sabirin. Waya utapita uani ndani ya bomba, mbuzi wasiutafune."

"Na stima zikipotea?"

"Nimeweka betri, eeddo."

Mama Hawo aliguna, akaenda zake jikoni. Ila baada ya muda alimpelekea chai, na sukari hakuibania.

Alasiri simu ya Sabirin iliita. Alikuwa juu ya gunia lake, mamake kando, Aweys nje ya dirisha juu ya ngazi akibana waya wa mwisho. Uso wa babake, Mzee Kerrow, ulijaa kwenye kioo, ndevu zake nyekundu za hina zikihesabika.

"Mashallah! Leo nakuona kama umeketi mbele yangu. Haya, mwanangu. Ogle..."

Stima zikapotea. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Sabirin alifumba macho.

"...Ogle umemkubali?"

Alifumbua macho. Ukutani, taa ya kijani ya kifaa cha Aweys ilikuwa bado inawaka.

"Hapana, aabo. Ni mtu mwema, lakini moyo wangu haumtaki. Juzi pia nilisema hivyo."

Mzee Kerrow alishika ndevu zake.

"Subhanallah. Kumbe nilitaka kuioza picha! Nisamehe, mwanangu. Wazee wake nitawapigia sasa hivi, wasipoteze safari." Kisha akauliza, "Nani amewatengenezea mtandao huu?"

Mama Hawo aliigeuza simu kuelekea dirishani. "Huyu hapa, ngazini. Anaitwa Aweys."

"Assalamu alaykum, adeer." Aweys alishika ukuta asianguke.

"Wa alaykum salaam. Kijana, mbona ulifanya haraka hivi? Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Aweys alifikiri kidogo, kama kawaida yake.

"Nilitaka umsikie binti yako, adeer. Hata kama angemkubali Ogle." Akabana waya ambao tayari ulikuwa umebanwa. "Lakini niliomba sana asimkubali. Ukiruhusu, wazee wangu watakuja kwako."

Kule Kutulo kicheko kililipuka.

"Hawo, nigeuzie simu. Sabirin! Na huyu wa ngazini?"

Sabirin alifungua mdomo, akaufunga. Akainamisha uso, akavuta pembe ya mtandio na kuficha tabasamu. Nje, Aweys aliikumbatia ngazi kwa mikono miwili.

"Hawo! Imeganda tena!"

"Haijaganda, Kerrow. Tazama birika."

Nyuma ya bega la Sabirin, juu ya jiko la makaa, mvuke wa chai ulikuwa ukipanda, ukijikunja, ukipanda tena. Mzee Kerrow aliutazama, kisha akamtazama binti yake aliyenyamaza.

"Alhamdulillahi," alisema. "Safari hii binti yangu amekubali kweli."

Ogle alirudishiwa mashine yake bila maneno makali, akaipeleka madrasa ya mtaani kwao. Siku ya harusi lori lake lilileta mbuzi wawili, na yeye mwenyewe akala pilau hadi akalegeza mkanda.

Mama Hawo aliisimamisha simu jikoni, ikiegemea birika, ili wasichana wa Dagahaley wamwone mwalimu wao akitoka na hina mikononi. Walipiga vigelegele wote kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kilichokatika.